Siku za Foleni

Madereva wengi niliofanya nao kazi kwenye kampuni kubwa za malori Dar es Salaam hawakufukuzwa. Waliondoka kwa miguu yao, na waliotangulia kuondoka ni wale wazuri: wasio na ajali, wasiolewa, wanaoijua njia ya Zambia na Congo mpaka mashimo yake. Ofisini ilisemwa kwamba vijana wana tamaa ya hela. Nilikuwa mmoja wao, nikaondoka pia, na ninavyokumbuka mimi haikuwa hivyo. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini udogo wake tuliukuta na tukauzoea. Kilichotushinda ni siku za kusimama. Unakaa mpakani na mali ya watu, hulali vizuri, huwezi kuondoka, halafu kwenye hesabu za ofisi inaonekana siku hizo hukufanya kazi yoyote.

Nilianzia chini, tingo kwenye Scania ya mtu binafsi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dereva wangu alikuwa mzee wa Kilosa aliyeijua barabara ile tangu ujana wake. Alisimulia habari za malori ya Fiat ya kampuni ya ubia ya Tanzania na Zambia, iliyoundwa 1966 baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia ikabaki inatafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba yake. Wakati huo barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na madereva wengi walibaki humo. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulipofika mlima wa Kitonga alikuwa akizima redio, anashusha kioo ili aisikie injini, ananiambia, "Gia utakayopandia leo, siku ya kurudi na shaba ndiyo utakayoshukia. Usinisahau." Sijamsahau. Naamini ni kwa neno hilo nipo hai, maana Kitonga, Inyala na mteremko wa Iwambi vimechukua vijana waliokuwa na nguvu kuliko mimi.

Nilipopata leseni daraja E na kumaliza kozi ya muda mfupi pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, nilichukuliwa na kampuni kubwa. Sitaitaja jina, na haina haja, kwa sababu wenzangu waliokuwa kwenye kampuni nyingine walisimulia mambo yaleyale. Ilikuwa na yadi kubwa, malori ya rangi moja yamepangwa mistari, fulana zenye nembo, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mke wangu aliomba kopi ya kitambulisho kile, akaenda nayo dukani, akapewa friji kwa mkopo. Heshima ya kampuni kubwa mtaani ilikuwa ya namna hiyo, na nilijivunia.

Malipo yetu yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na mshahara wa mwezi, na baada ya Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 kuweka kima cha chini cha usafirishaji wa nchi kavu kuwa shilingi 200,000, wa kwetu uliganda hapohapo. Halafu kulikuwa na hela ya safari, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Unakabidhiwa kwa mkupuo siku ya kutoka: Dar mpaka Lubumbashi na kurudi. Humo kuna chakula chako na cha tingo, kuziba matairi, kulipia pa kulaza gari, na zile "soda" za barabarani ambazo hakuna anayeziandikia risiti. Ukienda na kurudi upesi, unabakiwa na kitu cha kupeleka nyumbani. Ukikwama, unaanza kula ada ya mtoto ukiwa umeketi ndani ya kabini.

Na kukwama hakukutegemea uendeshaji wako. Dar mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilometa 900, na dereva mzoefu anajua atafika lini, mizani zote zikiwemo. Ukishafika Tunduma, ujuzi wako hauna kazi tena. Karatasi ya forodha haijafika, wakala hapokei simu, mtandao uko chini, upande wa Nakonde wamefunga. Kabla kituo cha pamoja cha forodha hakijazinduliwa Oktoba 2019, tulikaguliwa upande huu, tukavuka, tukakaguliwa tena upande wa pili kana kwamba mzigo umebadilika njiani. Foleni ilikuwa ikirudi nyuma hadi mjini, malori yamebanana, watoto wa shule wanapita katikati ya tela.

Lakini mwalimu wa foleni ni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo. Pale lori husogea urefu wake, likasimama, pengine hadi kesho yake. Usiku huwezi kulala usingizi wa maana, kwa sababu nafasi ikifunguka mbele yako na hukusogea, mwingine anaingia, na ugomvi wake ni wa kupigana. Tulipika chini ya tela kwenye jiko la mkaa: ugali, kapenta, siku nyingine chai tupu. Maji tulinunua kwa dumu. Choo kilikuwa tatizo ambalo sitaki kulieleza sana, ila niseme watu wazima wenye wake na watoto hawakustahili kuishi vile. Wezi walikuja kwa zamu: wa betri, wa turubai, wa mafuta, na mali ikipotea ni yako wewe dereva. Tingo alikuwa analala juu ya mzigo, mimi ndani, mlango nimeufunga kwa mnyororo.

Ukishavuka, upande wa barabara unabadilika. Tanzania na Zambia tunapita kushoto, Congo wanapita kulia, na usukani wa gari letu uko kulia. Ukitaka kulipita gari la mbele huoni kitu kabisa. Tingo ndiye anayetoa kichwa dirishani na kukwambia "njoo" au "rudi", na maisha ya watu wawili, pamoja na ya wale wanaokuja mbele, yanakaa kwenye neno lake. Kijana huyo alilipwa kutoka kwenye hela yangu ya safari. Kampuni haikuwa na jina lake popote.

Nilikuwa nikipiga simu ofisini. "Mkuu, hela imeisha, hii ni wiki ya pili tuko hapa."

"Kaka, safari ni safari. Hela ya Lubumbashi si ulishachukua?"

"Nilichukua, lakini gari halitembei."

"Basi kama halitembei, hela unatumia ya nini?"

Aliyekuwa akijibu hivyo hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na bosi wake. Lakini jibu hilo niliondoka nalo moyoni na halikutoka.

Siku moja nikiwa Lubumbashi, nikishusha mzigo ghalani, karani wa mwenye mzigo aliniita mezani kwake. Akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Shofa, ulilala siku ngapi pale mupaka?" Nikamtajia. Akaandika kwenye karatasi, akahesabu, akanigeuzia nione kama ni sawa. Ilikuwa ni hesabu ya malipo ya gari kusubiri. Kwenye mikataba ya kubeba mizigo ni jambo la kawaida: mwenye mzigo anapewa siku chache za bure, zikipita hizo anailipa kampuni kwa kila siku lori linaposimama, kwa dola. Nilisaini kuthibitisha siku. Sahihi yangu ndiyo iliyoiletea kampuni fedha ile, kwa siku ambazo mimi na tingo tulikuwa tunakunywa chai kavu. Kumbe zilihesabiwa, tena moja moja. Tangu hapo sikuweza tena kusikia mtu akisema biashara ya malori haina uwezo wa kumlipa dereva anayesubiri.

Kurudi yadini kulikuwa na shughuli yake. Kabla hujashuka, anakuja mtu wa mafuta na fimbo ya kupimia, anaichovya kwenye tangi, anaitoa, anaipitisha kidole pale ilipolowa. Lori lililobeba mzigo kamili, tani 56 pamoja na uzito wake, hunywa lita moja kwa takriban kilometa mbili, na ofisi ilikuwa imeshapiga hesabu ya njia nzima kwa namna hiyo. Lakini foleni ya kuwasha na kuzima, kusogea na kusimama, haikuwemo katika hesabu. Pungufu ikaandikwa jina langu. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja umekatwa, mara nyingine zaidi ya nusu, bila barua wala maelezo.

Sitaficha kwamba wizi wa mafuta ulikuwepo. Kando ya barabara ile, kuanzia Mikese mpaka mbele ya Makambako, yalikuwepo madumu ya njano nyuma ya nyumba, na wenye madumu waliwajua madereva kwa majina. Wapo walionyonya mafuta wakajenga. Lakini wapo pia niliowaona wakiuza lita ishirini Serenje ili wale, wakiwa wameapa kwamba hawatarudia. Kampuni ilipoanza kufunga vifaa vya kufuatilia magari na vipima mafuta ndani ya tangi, mimi nilifurahi, nikidhani sasa mwaminifu ataonekana. Vifaa vilionyesha saa ngapi injini imenguruma pale pale bila gari kutembea. Makato hayakubadilika.

Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori tuligoma nchi nzima. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu agizo la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa, kwa gharama ya dereva mwenyewe, na ni kweli hilo ndilo lililowasha moto, na serikali ikalisitisha. Ila kwenye vijiwe vyetu jambo kubwa lilikuwa mikataba. Ndiyo maana Mei 4 tuligoma tena. Mikataba ikaja, tukasainishwa harakaharaka, wengine hawakupewa nakala. Wa kwangu niliusoma nikiwa nimesimama kaunta. Ulikuwa na kifungu cha nidhamu, cha ajali, cha upotevu wa mafuta. Siku za foleni hazikuwemo.

Baada ya hapo ndipo watu walipoanza kuondoka kwa wingi, bila kelele.

Wa kwanza kwenye kikundi chetu alikwenda mgodini Kanda ya Ziwa kuendesha dampa. Alitupigia simu akatuambia anafanya zamu ya saa kumi na mbili, getini anapulizishwa kipima kilevi, na akichoka anaruhusiwa kusema amechoka. Tulimwona kama anatania. Wengine walikwenda kwenye mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza 2016, wakasema bora kelele za abiria wa Kimara kuliko ukimya wa Kasumbalesa. Wawili walivuka kwenda Ghuba. Na wapo waliokwenda kwa matajiri wadogo, jambo lililowashangaza mabosi, kwa sababu tajiri mdogo hana fulana yenye nembo wala bima ya maana.

Mmoja wa hao matajiri wadogo alikuwa mama wa Makambako mwenye malori matatu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Ukikaa mpakani zaidi ya siku tatu, kuanzia ya nne anakutumia hela ya chakula kwenye simu kila asubuhi, yako na ya tingo, kabla hata hujaomba. Mafuta ya foleni anayahesabu kando. Madereva walikuwa wanaulizana kama ana nafasi. Sikumsikia akilalamika kwamba ameibiwa, na malori yake yalidumu.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mwenzetu mmoja wa Mbozi. Alitaka kazi ya serikalini, lakini alikuwa ameishia darasa la saba. Serikalini, nafasi ya Dereva Daraja la II ilitaka cheti cha kidato cha nne, leseni daraja C au E, na uzoefu wa mwaka mmoja bila ajali. Uzoefu alikuwa nao wa kugawa. Cheti hakuwa nacho. Aprili 2017 serikali ilipotangaza majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengi wetu tulicheka, tukisema bora sisi hatuna cha kughushi. Yeye hakucheka. Safari iliyofuata nilimkuta Kasumbalesa, lori mbili nyuma yangu, amefungua kitabu cha Uraia juu ya usukani.

Alikuwa amejiandikisha kufanya Mtihani wa Maarifa, ule ambao watu mtaani wanauita QT, ili baadaye afanye wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Vitabu alivifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro la kabini, visilowe. Jioni, tukishakula, alikuwa ananipa daftari ananiambia, "Niulize, kaka. Anzia hapo kwenye mihimili ya dola." Alijibu akiwa amefumba macho. Foleni ikisogea alikuwa anaweka kipande cha karatasi ya mizani katikati ya kurasa, anasogeza gari, anafungua tena palepale. Vijana wa Zambia waliokuwa wanauza karanga wakaanza kumwita mwalimu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mikono imeshika grisi, anasoma Biolojia kwa mwanga wa tochi ya simu. Alifaulu kwa daraja la nne, na lilitosha. Leo ni dereva wa halmashauri. Analala kwake, ana likizo ya siku 28, na anayajua madarasa wanayosoma watoto wake.

Mimi niliondoka 2018. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia na ulihitaji madereva wa tipa. Rafiki alinipeleka, nikafanya majaribio ya kurudi nyuma na mzigo kwenye tuta jembamba, nikachukuliwa. Kazi ilikuwa ngumu na ya vumbi, na msimamizi hakuwa na mzaha. Asubuhi unasaini unapofika, jioni unasaini unapoondoka. Saa za ziada zinaandikwa safu yake.

Wiki za mwanzo mvua kubwa ilinyesha upande wa Soga. Udongo ukawa tope, tipa hazikuweza kupanda tuta, kazi ikasimama tangu asubuhi. Tulikaa chini ya bati na kikombe cha uji, tukitazama maji yanavyoshuka. Nilikuwa na wasiwasi siku nzima, nikikokotoa moyoni nimepoteza kiasi gani. Jioni msimamizi alipita na karatasi zake akasaini saa zote za kila mtu. Nilimuuliza jirani yangu, kijana wa Mlandizi, "Na leo imeandikwa?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kitu asichokielewa. "Si ulikuwepo kazini, mjomba?"

Kazi za miradi zina mwisho wake. Kipande chetu kilipoisha wengi walipunguzwa. Wengine walihamia vipande vya mbele, wengine wakaenda bwawa la Rufiji, na wachache walirudi kwenye malori. Hao waliorudi ndio walioikuta Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya Corona. Walikaa Tunduma wakitazamwa kama wao ndio ugonjwa, huku mafuta na dawa wanazozibeba zikisubiriwa kila mahali. Nilikuwa nikiongea nao kwenye simu usiku. Bado walikuwa wanaishi kwa hela ileile ya mkupuo.

Ile kampuni yangu ipo mpaka leo. Huweka matangazo ya kutafuta madereva wazoefu mara kwa mara, na ninasikia wanalalamika kwamba wazoefu hawapatikani, wanaokuja ni vijana waliotoka kozi juzi. Wazoefu wapo. Wako migodini, wako halmashauri, wako kwa mama wa Makambako. Hawakuichoka barabara ya Tunduma. Ukikaa nao jioni bado wanazungumzia kona za Kitonga na ukungu wa Mafinga kwa mapenzi.

Mwenye malori unayesoma hapa, ongeza kifungu kimoja kwenye mkataba: mwenye mzigo akilipa siku za gari kusubiri, sehemu iende kwa dereva na tingo waliosubiri nalo. Na wewe dereva uliye kwenye foleni sasa hivi, dai nakala ya mkataba wako. Angalia kama michango yako inafika NSSF. Ukikatwa mshahara kwa hasara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Asipofanya hivyo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijapita, na andika siku zako za foleni kwenye daftari lako mwenyewe, tarehe kwa tarehe.